Tumbo Moja, Dawa Moja

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana alichemsha uji, akawasha pasi ya mkaa, kisha akampelekea mama vidonge vyake vya saratani. Nyumba ilikuwa ya mama mkubwa, fundi wa sare za shule. Tangu mama augue, wote watatu walikula kwa cherehani yake.

"Malkia ameamka?" mama mkubwa aliuliza bila kuinua macho.

"Ameamka. Mdomo umejaa vidonda, na ameharisha tena."

"Anadeka huyo. Mimi niliugua saratani hiihii, nikameza vidonge hivihivi, na sikuangusha hata kifungo. Tumetoka tumbo moja. Yeye vitamshindaje?"

Kushona vifungo ilikuwa kazi ya mama. Sasa ngozi ya viganja vyake ilikuwa ikibanduka. Sindano ilipomponyoka, mama mkubwa alicheka. "Tazama mikono ya bibi harusi."

Msichana naye akacheka. Mama aliwatazama wote wawili, akainama kuitafuta sindano.

Msichana na mama mkubwa walipokwenda hospitali kumchukulia mama vidonge vingine, mama mkubwa alimwonya msichana njiani, "Ukipeleka domo lako kwa wauguzi watamkatizia dawa. Akifa, ni juu yako."

"Mama hajambo?" muuguzi aliuliza.

"Hajambo," msichana alijibu, kama alivyozoea kumjibu kila mtu mzima.

Wakapewa vidonge.

Siku chache baadaye mama hakuweza kumeza hata maji.

"Viponde, utie kwenye uji," mama mkubwa aliamuru.

Msichana alivishika vidonge. Mama akatikisa kichwa polepole.

"Simpi."

Kofi likamwangukia. "Basi muue."

Alitoka mbio mpaka hospitali, shavu likiwaka moto.

"Mama hajambo?" muuguzi aliuliza.

"Ha..." Akajirekebisha. "Hajiwezi. Hali, hanywi, anaharisha damu. Siku ile nilikudanganya."

Mama alilazwa siku hiyohiyo na vidonge vikasimamishwa. Kwa muda hakuna aliyejua kama angepona. Damu yake ilipimwa, na alipopata nafuu kidogo, daktari aliwaita msichana na mama mkubwa kando ya kitanda.

"Ini ndilo linalovunja dawa hii na kuiondoa mwilini," alimwambia mama mkubwa. "Kasi ya kazi hiyo tunairithi. Wewe ulirithi ya haraka, mdogo wako akarithi ya polepole. Kwake kila kidonge kilirundikana juu ya kingine, kikawa sumu. Tutampa dawa nyingine."

"Lakini tumbo moja, daktari. Mbona mimi nilivumilia?"

"Hukuvumilia kitu. Mwili wako uliiondoa dawa. Aliyevumilia ni huyu."

Mama mkubwa alinyoosha mkono kushika kiganja cha mdogo wake. Mama akakificha chini ya shuka.

Daktari akamgeukia msichana. "Ndugu hufanana sura, lakini mwili wa kila mmoja una maumbile yake. Usiniambie dawa ilivyomfaa mwingine. Niambie inavyomfanya mgonjwa wangu, hata kama wakubwa watakasirika. Ukinificha, unanifanya nitibu nikiwa nimefumba macho."

"Ndiyo, daktari," msichana alisema. "Uji wa leo hakunywa. Ameumwaga, akawaambia wauguzi amemaliza."

Mama alimtupia jicho kali, la kwanza tangu alazwe. Daktari akavuta kiti, akaketi. "Haya, mama," alisema. "Fungua mdomo nione."