Tope la Kazusa

Ukumbi wa maonyesho ya vitu vya kuchezea wa Shizuoka, Japani, ulikuwa umefurika Jumapili ile ya Mei. Tomonori, mpima ardhi mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, alikuwa akikipangusa kifaru chake cha rimoti, mfano mdogo wa kile cha vita, kitu kilipomgonga kisigino. Kilikuwa kifaru kingine, kinachonguruma kama mashine ya kusaga kahawa.

"Samahani, kaka! Kinaniponyoka hiki!" Msichana alikuja mbio, aproni yake ikiwa na madoa ya rangi. Aliitwa Kazusa.

Tomonori alikigeuza. "Minyororo ya plastiki. Cha bei rahisi."

"Bei ya viatu vyangu. Chako je?"

"Bei ya pikipiki," alijibu kwa aibu. "Gia za chuma. Sauti imerekodiwa kwenye injini ya kweli."

"Mama yangu! Kimeshatoka nje?"

"Kitachubuka."

Kazusa alicheka mpaka watu wakageuka. Lakini Tomonori alikuwa bado anakitazama kile cha plastiki. Kutu iliyochuruzika kwenye bolti, tope lililokaukia ubavuni, masizi ya bomba. Vyote vilikuwa rangi, na vyote Kazusa alivipaka kwa mkono wake. Alitamani kuujua mkono huo.

Wakaanza kula oden pamoja, vipande vya mayai na samaki vilivyochemshwa, mchuzi mweusi ukiwaunguza ndimi. Jioni zikawa za simu.

"Umekiendesha leo?"

"Nimekipangusa."

"Wewe bwana! Utakipangusa mpaka kiishe."

"Basi njoo unizuie, mpenzi."

Oktoba Tomonori alisafiri kikazi, akamwachia Kazusa kifaru chake. Aliporudi, siku yake ya kuzaliwa, Kazusa alifunua kitambaa mezani nyumbani kwake, macho yakimng'aa. Kifaru kilikuwa na tope na kutu kila mahali.

"Heri ya kuzaliwa!"

Tomonori alibadilika rangi. "Umekiharibu! Unajua nilivyojinyima kukipata?"

"Nilidhani unaipenda kazi yangu."

"Kwenye chako, ndiyo."

Kazusa alikifunga tena kitambaani polepole, akampa. "Sawa, Tomonori-san," alisema, akimwita kwa heshima kama mgeni. "Vya rahisi na vikae na vya rahisi." Akamfungulia mlango atoke.

Simu zikakoma.

Tomonori alinunua dawa ya kuondoa rangi. Akakiweka kifaru chini ya taa, na hapo ndipo alipokitazama kwa makini kwa mara ya kwanza. Kwenye ukingo wa mlango wa juu, pale ambapo askari angekanyaga akipanda, rangi ilikuwa imechakaa kwa alama ya soli, ndogo kama punje ya mchele. Nani hupoteza usiku mzima kwa alama kama hiyo, kama hapendi? Akafunika chupa ya dawa.

Jumapili iliyofuata, simu ya Kazusa iliita.

"Usikate, tafadhali. Nimekitoa nje. Niko kando ya mto Abe, na mvua imenikuta."

"Muongo."

"Kimechubuka ubavu mzima. Nisamehe, Kazusa. Nilitazama bei, sikukutazama wewe."

Kazusa alisikia mvua ikipiga upande wa pili.

"Kina tope mpaka kwenye mzinga," Tomonori aliendelea, sauti ikitetemeka kwa baridi. "Lakini naogopa kukiosha."

"Unaogopa nini? Si ni maji tu?"

"Sijui tope lipi la mtoni na lipi lako. Nisije nikalifuta lako."



"Usiguse kitu," Kazusa alisema, na tayari alikuwa na kiatu kimoja mguuni.