Kahawa Mbele ya Kamera

— Usiachie mpaka niseme. Shikilia hapohapo juu.

Kokwijuka alisimama kwenye ngazi nyuma ya jiko la kwao, kijijini Ijumbi, mkono ameunyoosha. Ukutani walikuwa wametundika shuka jeusi na rula ndefu. Simu ya Mujuni, rafiki yake anayesoma chuo Bukoba, ilikuwa imeegemezwa kwenye kigoda, ikirekodi.

— Achia!

Jiwe likaanguka, pu!

— Safi! Nikirudi chuoni naiweka video hii kwenye kompyuta. Kuna programu inaikata picha mojamoja. Kila picha naweka nukta juu ya jiwe, yenyewe inanipa mwendo wake.

— Haya, alisema Kokwijuka.

Shule aliiachia darasa la tano, lakini kumsikiliza Mujuni akieleza jambo kulimpendeza kuliko redio.

— Sasa nataka kitu chepesi, tulinganishe.

Kokwijuka alishuka, akafungua pindo la kitenge chake. Mlikuwa na kahawa moja ya kutafuna, aliyoichemsha na kuianika mwenyewe, ameifunga kwa jani kavu la mgomba. Kwao mtu hampi mwenzake kahawa moja hivihivi. Ndani ya gamba mna mbegu mbili: huyu atafune moja, yule atafune ya pili, basi wamefungamana. Ndiyo maana aliichagua. Maneno yalimshinda.

— Nimekuletea, alisema akiangalia chini.

— Kahawa! Umejuaje? Hii hasa ndiyo niliyoitaka!

Moyo wake ukaruka. Mujuni akalowesha kipande cha chaki, akaipaka kahawa ikawa nyeupe, akamrudishia.

— Hapo itaonekana vizuri. Haya, panda.

Alipanda.

— Achia. Koku, achia basi!

Akaachia. Kahawa ikadunda, kuku akaidaka na kukimbia nayo. Mujuni alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoinua uso, Kokwijuka alikuwa anaondoka.

— Unakwenda wapi?

— Nimeacha chungu motoni.

Hapakuwa na chungu.

Mujuni akarudi Bukoba, kwenye chumba chake cha kupanga Kibeta. Alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma meseji: "Koku, nimekukosea nini?" Kokwijuka aliisoma, akaizima simu.

Shangazi Anatolia, aliyemlea, alimkuta bado ameishika.

— Mwanangu, Kyaruzi, yule mwenye mashine ya kukoboa, ametuma ujumbe. Jumapili baada ya misa wazee wake wanakuja kuposa. Ni kijana mzuri. Kama una neno, sema sasa. Wakishakaa mkekani mimi nitaona aibu kuwakatalia.

— Sina neno, shangazi.

— Huna, au hulitoi?

— Sina.

Jumamosi jioni walikuwa wakimenya ndizi za wageni, simu ya Anatolia ikalia.

— Ni yule wako wa mawe. Ongea naye. Mimi sisikilizi.

Lakini hakuondoka.

— Koku, ilikuwa sauti ya Mujuni. Kazi yangu imekataa.

— Pole.

— Jiwe liko sawa. Kahawa ndiyo imekataa. Nimefungua video, nasogeza picha mojamoja, kahawa haitoki mkononi mwako. Nasogeza, haitoki. Nikaikuza picha nione vidole. Nikaona uso.

Kokwijuka akaweka kisu chini.

— Uso wa nani?

— Wako! Ulikuwa unalia, Koku. Na mimi nipo chini napiga kelele achia, achia. Maana ya kahawa naijua tangu utoto. Siku ile nilikuwa naangalia simu, sikukuangalia wewe.

— Kuku alishaila.

— Huyo kuku ana bahati kunishinda.

Kicheko kilimponyoka. Kisha akakumbuka ndizi zilizo mbele yake.

— Kesho wanakuja watu wa Kyaruzi kuniposa.



— Umekubali?

— Nilisema sina neno.

— Na sasa?

Aliishusha simu mapajani bila kuikata, akamgeukia shangazi yake.

— Shangazi. Neno ninalo.

— Mama yangu! Baada ya kumenya ndizi zote hizi?

— Nisamehe.

— Zitaliwa tu, waitu, mwanangu. Nipe simu yangu niwawahi, wasije wakavaa kanzu bure. Na wewe mwanafunzi, unanisikia?

— Nakusikia, mama.

— Kesho uje na mzee wenu. Mawe yako yaache hukohuko!

Mujuni alikuja na baba yake mdogo. Wazee walipoanza kuongea ndani, yeye alimfuata Kokwijuka nyuma ya jiko, akafungua kiganja. Mlikuwa na kahawa moja.

— Simu yako iko wapi?

— Kibeta.

Akalipasua gamba kwa meno, akampa mbegu moja. Yule kuku akasogea, shingo ameinyoosha.

— Nenda huko! Kokwijuka alimfukuza kwa mguu, akatafuna.