Lori la Machungwa na Barua Pepe Iliyokwama

Kila akitoka shule, Ikram hupita ofisi ya chama cha wakulima wa machungwa kabla ya kwenda nyumbani. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja pembeni mwa ghala, hapo kijijini Mazingara. Ndani kuna meza, benchi na kompyuta mpakato moja. Wakubwa wa serikali waliileta kwa msafara wa magari, wakapiga nayo picha, wakala pilau, wakaondoka. Hakuna aliyebaki kumwonyesha mtu namna ya kuitumia.

Ikram yuko darasa la sita na kuchapa alifundishwa shuleni. Basi mwenyekiti wa chama, Mzee Mustapha, ambaye macho yake hayaoni tena herufi ndogo, akamfanya mwandishi wake.

"Shikamoo babu," Ikram alisema siku moja.

"Marahaba. Kaa tumwandikie yule mnunuzi wa Korogwe. Anza na salamu."

"Babu, kwenye barua pepe hawaweki salamu ndefu."

"Hao hawakulelewa. Andika tunamsalimu yeye na watu wote wa nyumbani kwake."

Ikram alicheka, akaandika. Baada ya salamu, mzee akataja machungwa yaliyokwisha kuchumwa na kurundikwa chini ya majani makavu. Mnunuzi yule hakuwa mtu wa kutuma lori kwa maneno ya simu. Alitaka kwanza aone maandishi, ndipo gari liondoke.

Ikram akabonyeza kutuma. Programu ya barua pepe ilisubiri, ikasubiri, kisha likatokea dirisha dogo la Kiingereza lenye alama nyekundu. Alilielewa vya kutosha. Barua haikutoka.

Akakumbuka alichokifanya. Jana yake, mzee alipokwenda kuswali, Ikram alichomeka flashi ya binamu yake Abdulaziz ili aangalie filamu. Kuchomeka flashi za nje kulikatazwa. Kisha lilitokea tangazo la antivairasi ya bure, ile programu ya kukamata virusi. Kwa hofu kwamba flashi ina virusi, akabonyeza ndiyo, na ndiyo tena, mpaka ikajipakia. Akiuliza leo kwa nini barua haitoki, ataulizwa nini kimeguswa.

"Imekwenda?" aliuliza Mzee Mustapha.

"Imekwenda, babu," alijibu, akalifunga lile dirisha.

Siku zikapita, lori halikuja. Machungwa ya chini yakaanza kulainika na kutoa maji. Mzee Mustapha akapiga simu kwa kitochi chake, akajibiwa kwamba hakuna barua yoyote iliyofika. Wanachama wakakusanyika nje ya ghala, na wa kwanza kusimama alikuwa Mhina, baba yake Ikram. Tangu mkewe alipofariki akisubiri dawa ambazo wakubwa walisema zipo njiani, Mhina hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye cheo.

"Lori letu limeuzwa kwa wenzetu wa kijiji kingine," alisema. "Huyu naye ni wale wale. Ukishampa kiti, hakujui."

"Barua nimetuma, Mhina. Muulize binti yako, ndiye aliyeichapa."

Watu wote wakamgeukia Ikram.

"Tuliichapa," alisema.

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimchoma zaidi. Mama mmoja akasema mzee arudishe funguo za ofisi. Mzee Mustapha hakubishana. Alizitoa mfukoni, akaziweka juu ya benchi, akatafuta fimbo yake na kuondoka peke yake.

Nyumbani, Mhina alikuwa akimenya mihogo huku akiendelea kuwasema viongozi. Ikram alishindwa kuvumilia.

"Baba, mwache babu Mustapha. Barua haikutoka. Niliona haikutoka, nikamwambia imekwenda."

Akaeleza yote, flashi na filamu na ile antivairasi. Mhina akaweka kisu chini. Alimtazama binti yake, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Na mimi nimemwita mwizi mbele ya watu," alisema. "Vaa viatu twende."

Mzee Mustapha aliwasikiliza mlangoni kwake mpaka mwisho. "Nilidhani ni uzee," alisema, "nilidhani nimemtajia mtoto anwani vibaya." Hakumgombeza. Ikram alitamani angemgombeza.

Asubuhi waliichukua kompyuta, wakaenda wote watatu mjini Korogwe, kwa fundi wa kompyuta aitwaye Isaka. Alifungua mashine, akatikisa kichwa.

"Humu mna antivairasi mbili," alisema. "Ya zamani na hii mpya. Kila barua ikitaka kutoka, hii inaisimamisha ikague, na ile nayo inaishika. Programu ya barua pepe inangoja hadi muda unaisha, inaacha kutuma. Barua yenu ipo hapa hapa, haijatoka hata hatua."

"Basi toa zote," Mhina alisema.

"Ukitoa zote, mzee wangu, virusi vitaingia vyenyewe."

Isaka akaiondoa ile mpya, akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Katika ile ya zamani akafunga kipengele kimoja tu, cha kukagua barua zinazotoka, akaacha ulinzi mwingine wote ukifanya kazi. Akajitumia barua ya majaribio, ikafika. Kisha ile ya Mzee Mustapha ikaondoka na salamu zake zote.

Lori lilifika Mazingara kesho yake. Sehemu ya machungwa ilikuwa imeshaoza. Kabla ya kupakia, Mhina alizichukua funguo, akamkabidhi Mzee Mustapha mbele ya wanachama wale wale, akasema wazi kwamba alimsingizia na kwamba kosa lilitoka nyumbani kwake mwenyewe. Ikram naye akasimama akaomba radhi.

Baadaye baba na binti walikuwa wakichambua machungwa mabovu na kuyatupa shimoni.

"Kubonyeza usichokijua, hilo ni kosa la kujifunza," Mhina alisema. "Ungesema siku ile ile, haya yangekuwa sokoni. Ulipoficha, ukampa mtu mwingine aubebe mzigo wako, na mimi nikausukuma umwelemee."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Wakubwa wana makosa yao, Ikram, na nitayasema mpaka nife. Lakini ya kwetu tuyabebe wenyewe."

Akamsogezea tenga jingine.