Kanda ya Tisa, Upande wa Pili

Kila siku saa kumi na nusu alasiri, nikishavua sare za shule, nilikuwa na kazi moja: kumwekea bibi kanda. Nilishusha redio kaseti kutoka juu ya kabati, nikaichomeka kwenye umeme karibu na kitanda chake, nikatia kanda ya siku hiyo, kisha nikakaa miguuni pake na daftari langu. Sebuleni cherehani ya mama iliendelea kunguruma.

Bibi alikuwa haoni. Kanda zake zilikuwa tisa, na zote zilikuwa na sauti ya babu. Babu alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, mtu wa vitabu hasa. Macho ya bibi yalipoanza kufifia, babu alichukua riwaya ambayo bibi aliipenda tangu usichana wake, hadithi ya mkunga aliyezunguka miji saba akimtafuta dada yake aliyepotea, akamsomea yote kwenye kanda. Alipomaliza alivunja vile vijino viwili vya plastiki kwenye ukingo wa kila kanda, ili mtu asije akarekodi kitu kingine juu yake. Mwaka uliofuata akafariki. Tangu hapo bibi alisikiliza upande mmoja kwa siku, kwa mpangilio, na zikiisha alianza upya.

"Ngoja kwanza, mke mwenzangu," alizoea kunitania kabla sijabonyeza kitufe. "Nijitengeneze kidogo. Mume wetu anakuja."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na ugonjwa wangu ulikuwa nyimbo. Nyumbani waliniita Kasuku. Mimi na shoga yangu Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi kidevuni, tulikuwa na daftari la maneno ya nyimbo. Wimbo ukipigwa redioni, mimi naandika mstari wa kwanza, yeye wa pili, mimi wa tatu, mbio mbio mpaka mwisho. Lakini wimbo mmoja ulitushinda. Mwimbaji wake alitafuna maneno, na kila mara tuliishia na mapengo. Ilibidi tuurekodi, ili tuurudishe nyuma na kuusikiliza taratibu.

Jumamosi moja, saa tisa mchana, mtangazaji akautaja. Nikashika kanda yangu: imejaa! Mama alikuwa amepeleka gauni kwa mteja, na bibi amesinzia. Sanduku la kanda za babu lilikuwa mbele yangu. Nikajiambia kwamba kanda ya mwisho lazima ina nafasi tupu mwishoni. Nikatia kanda ya tisa, upande wa pili, nikaipeleka mbele haraka haraka. Nikakunja vipande vya karatasi, nikaziba vile vitundu alivyoviacha babu, ujanja ambao kila mtoto wa mtaa wetu aliujua. Nikabonyeza kitufe chekundu.

Wimbo ulipoisha niliurudisha nyuma, nikapitiliza. Ikatoka sauti ya babu: "Mkunga akasukuma mlango, akamwona mwanamke ameketi kwenye..." Halafu magitaa.

Jamani! Hapo ndipo mkunga anapompata dada yake. Hapo ndipo bibi hushika ukingo wa shuka na kuacha kupumua. Nilizima redio, nikang'oa zile karatasi, nikairudisha kanda sandukuni. Sikuthubutu kusikiliza hata neno moja zaidi.

Kisha nikaanza kuhesabu. Jioni ile ilikuwa zamu ya kanda ya saba, upande wa kwanza. Maana yake ile ya tisa, upande wa pili, ingefika Alhamisi. Nilibakiwa na siku tano tu.

Siku zile sitaki kuzikumbuka. Kila bibi alipoita "Kasuku!" nilidhani ameshajua, kumbe anataka maji ya kunywa. Jumatatu mwalimu wa hesabu aliniuliza sita mara nane ni ngapi, nami nikamjibu, "Alhamisi." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilitaka kulia.

"Mwanangu, una nini wewe?" mama aliuliza usiku, akinipapasa paji la uso. "Homa?"

"Sina kitu, mama."

Jumanne maji yaliponifika shingoni, nikamwambia Kidoti.

"Hilo tu?" akasema. "Vuta utepe wote nje, uukatekate, useme redio imekula kanda. Mbona redio zinakula kanda kila siku! Nani atajua? Bibi yako mwenyewe haoni."

Jumatano tulisikiliza kanda ya tisa, upande wa kwanza. Babu aliponyamaza, bibi akasugua viganja vyake kwa furaha. "Kesho ndiyo kesho, mke mwenzangu. Kesho anampata!"

Nikajifanya naenda kuirudisha kanda sandukuni. Badala yake nikaingia nayo jikoni, nikafunga mlango. Nikaingiza ncha ya penseli chini ya utepe, nikavuta. Ukatoka urefu wa mkono wangu, wa rangi ya kahawia, unang'aa. Chumbani nilimsikia bibi akimwuliza mama kama mvua inakuja, na mama akamjibu kwamba mawingu yapo, mazito, upande wa sokoni. "Haya," bibi akasema, "basi anueni nguo."

Hakutoka kwenda kuhakikisha. Angehakikisha vipi? Aliambiwa mawingu yapo, akaamini. Nilisimama pale nikiutazama utepe mkononi, nikajiona mtu mbaya kuliko wote. Nikaichomeka penseli kwenye gurudumu la kanda, nikauzungusha utepe wote ukarudi ndani.

Alhamisi saa kumi na nusu nilikaa kitandani kwa bibi, redio magotini.

"Mbona huweki?" akauliza.

"Bibi, nimeiharibu." Nikamweleza yote: wimbo, karatasi, kitufe chekundu. Hata penseli nikamweleza.

Sebuleni cherehani ikasimama. Mama akaja mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Umefuta kiasi gani?" bibi akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

"Sijui. Niliogopa kusikiliza."

"Weka."

Nikaweka. Babu alisoma mpaka pale kwenye mlango, kisha wimbo ukavamia. Wimbo niliokuwa nikiupenda sana! Siku ile niliuchukia. Machozi yalikuwa yakimtiririka bibi. Mama akafungua kinywa, bibi akainua mkono kumzuia. Wimbo ukaendelea, ukaendelea, mwisho ukakatika. Kisha:

"...wakakumbatiana pale pale, wasiseme neno." Tukasikia kitabu kikifungwa. Babu akakohoa. "Basi, mke wangu, tumefika. Nimesoma chote bila kuruka ukurasa, usije ukanisingizia. Sasa pumzika."

Bibi akacheka huku analia. Mimi nilianza kutetemeka kuliko siku zote tano. Penseli ile! Ningeuvuta utepe wote na kuukatakata, maneno yale yasingesikika tena duniani.

"Huyu nitamshikisha adabu leo," mama akasema.

"Mpe kitabu kwanza," bibi akajibu. "Kipo kabatini, chini ya mashuka."

Nikasoma kurasa mbili zilizofutika kwenye kanda. Nilikwama, nikakosea, nikarudia. Bibi alishika ukingo wa shuka. Kuanzia siku ile, kila tulipofika pale mlangoni, nilisimamisha kanda, nikasoma kurasa zile kwa sauti yangu, kisha nikamrudishia babu zamu yake. Hivyo ndivyo nilivyopata ugonjwa wa pili, wa vitabu, nao haujapona mpaka leo.

Nilipofunga kitabu siku ile, bibi alinitafuta kwa mkono, akanishika shavu.

"Imeniuma, sitakuficha," alisema. "Lakini nisikilize, Kasuku. Mimi nyumba hii naiona kwa maneno mnayoniambia. Mkisema mvua inakuja, kwangu mvua inakuja. Siku mtakapoanza kunidanganya ndipo nitakapokuwa kipofu kweli. Ukikosea, njoo uniambie ungali unatetemeka. Usikae na woga mpaka ukufundishe kosa la pili. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Haya. Sasa lete hilo daftari lenu na uniwekee tena huo wimbo. Masikio yangu ni mazima. Mapengo yote nitawajazia mimi."