Mafunzo ya Jumatano Mchana

Asubuhi hiyo Sjoerd hakuugusa mkate wake. Watoto walimwaga chembe za chokoleti za kunyunyizia mkate meza nzima, yeye macho kwenye simu tu.

"Una nini wewe?" mkewe Femke aliuliza.

"Leo saa nane nafundisha wenzangu mambo ya jinsia. Jumamosi wanakwenda Chadi kufunga pampu. Na waliosema watakuja ni wanaume tu!"

Hofu yake haikuwa ya bure. Shirika lao la maji, hapo Utrecht, Uholanzi, lilishaharibu mara moja. Pampu ya kwanza huko Chadi waliifunga mbele ya baraza wanapokaa wanaume. Wanawake wakaona haya kufulia pale, wakarudi mtoni kwenye maji machafu. Watoto wakaugua. Mkuu wa shirika alisema wakirudia kosa hilo, kazi ya pampu itasitishwa.

"Kwani wanawake wa kazini hawajali?" Sjoerd alilalamika.

Jirani yao, Bi Marijke, alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Aliwahi kuwa muuguzi huko Chadi miaka mingi.

"We Sjoerd! Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Jumatano shule zinafungwa saa ngapi?"

"Saa sita..."

"Na nani huwafuata watoto na kukaa nao mchana?" Femke akadakia. "Umewahi hata siku moja?"

Masikio yakamwaka kwa aibu.

"Na kule Chadi mliwaita watu mkutanoni saa ambayo wanawake wako mtoni," Bi Marijke alisema. "Kisha mkasema kijiji kimekubali. Kwanza uliza nani ana kazi gani, saa ngapi. Ndipo upange."

Sjoerd alimpigia mkuu simu, akaomba mafunzo yasogezwe.

"Sogeza hadi kesho asubuhi," mkuu alijibu. "Lakini ndege haitawasubiri!"

Alhamisi wanawake wa shirika walikuja. Hanneke, fundi wa pampu, aliitazama ramani ya pampu mpya akaruka. "Jamani! Si barazani kwa wanaume tena hapa? Nani kachora?"

Wakakubaliana: mahali pa pampu pataonyeshwa na wanawake wa kijiji, kwa saa watakayoitaja wao.

Wiki zilizofuata Sjoerd hakulala vizuri. Hatimaye Hanneke akapiga simu kutoka Chadi: pampu iko nyuma ya maghala, mbali na baraza, na foleni ya ndoo za wanawake ni ndefu.

Jumatano iliyofuata, mvua ikinyesha, Sjoerd alisimama getini shuleni na makoti ya watoto. Bi Marijke akapita na baiskeli.

"Vipi, umepotea njia?"

"Sijapotea. Jumatano ni zamu yangu sasa. Femke yuko kazini."