Ng'ombe Aliyeitwa Rhobi

“Nilijua utasoma kwanza, mpenzi, mimi nili—”

“Nisome nini? Si wewe ulisema bonyeza, pesti, nenda kanywe chai?”

“Ilikuwa utani, Nyangi, sikiliza—”

“Utani na mama yangu? Kwenu mkwe anataniwaga?”

Stendi ya Bunda ikageuza shingo. Nyangi alivaa gauni la bluu lililomkaa kama limeshonwa akiwa ndani, na Mugeta, hata akitukanwa, macho yalikuwa hayamtii.

Nyangi ni karani wa ushirika wa wafugaji Butiama. Kunakili taarifa za ng'ombe mmoja mmoja kulimchosha, ndipo Mugeta, fundi kompyuta wa Musoma aliyeacha chuo njiani, akamwandikia programu: ukibonyeza, kompyuta inakopi jedwali zima, mistari na safu zake, inalishikilia. Wewe unapesti tu kwenye Ekseli. Penzi likanoga.

Halafu kiherehere cha Mugeta. Akachomekea amri moja ya siri kwenye programu: jedwali likikopiwa, ng'ombe mmoja abadilike jina. Ng'ombe jike mzee, mpiga mateke, akawa Rhobi. Jina la mama yake Nyangi.

Alitegemea Nyangi acheke peke yake. Nyangi akapesti bila kutazama, jedwali likamulikwa ukutani kwa projekta kwenye mkutano mkuu, Rhobi mwenyewe kakaa mbele na kitenge cha kanisani. Afisa mifugo akasoma kwa sauti: “Rhobi. Mkali, maziwa hakuna, auzwe buchani.” Watu wakacheka mpaka viti vikaanguka.

“Mama hataki kutoka nje, Mugeta. Akienda kisimani wanamlilia mooo!”

“Nitaenda nimpigie magoti.”

“Mkwe anaendaga bila kuitwa? Na hutaitwa. Chuo kilikushinda, na mimi nimekushinda. Ile posa ya Jumamosi, pelekeni kwingine.”

Akavua pete, akaitumbukiza mfukoni mwa shati la Mugeta.

Simu ya Nyangi ikaita. Mama. Akaweka sauti ya nje, makusudi, laana imfikie mwenyewe.

“Abee mama.”

“Huyo kijana yupo hapo?”

“Yupo. Mtukane tu, anasikia.”

Mugeta akainamisha kichwa. Upande wa pili kuku wakasikika.

“Nyangi, aliyecheka kuliko wote siku ile ni baba yako. Mpaka leo anachekaga akiniona nakamua.” Akashusha sauti. “Hebu muulize huyo mwenzio, na baba yako anaweza kumwingiza kwenye jedwali? Amwandike dume. Halipandi.”