Viraka Viko Wapi?

Katika nyumba ya fundi cherehani kuna amri moja. Mumewe haruhusiwi kugusa kitambaa kabla hajanawa.

Mume ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na madirisha ya chuma. Jioni anarudi na mikono myeusi, kucha nyeusi, mpaka masikio meusi.

"Wee! Mikono hiyo! Hiyo ni nguo ya watu!" mkewe humwambia.

"Naangalia tu."

"Angalia kwa macho. Mikono peleka bombani."

Mtaani wanawaita Sindano na Cheche. Majina hayo yamewakaa, wala hawayachukii.

Sindano ana ugonjwa mmoja, nao ni vitabu. Cherehani ikinyamaza tu, yeye anasoma. Kuna vitabu vinne anavyovipenda kuliko vyote. Vinasimulia habari za binti mmoja katika nchi ya majitu. Binti huyo anavaa joho la kijani. Kila anayemsaidia njiani humpa kipande cha nguo yake, naye hukishona kiraka kwenye joho. Sindano amevisoma mpaka majalada yamelegea.

Cheche hajavigusa. Anasema vitabu vinene vinampa usingizi. Jambo hilo linamuuma Sindano. Anatamani awe na mtu nyumbani wa kuzungumza naye habari za yule binti.

Siku moja ikaja habari kwamba kitabu cha kwanza kimetengenezewa filamu. Sindano nusura aruke dirishani! Akashona joho la kijani. Akalijaza viraka kutoka kwenye mabaki ya vitambaa. Jumamosi akalivaa, akamshika mumewe mkono, wakaenda sinema.

Taa zikazimwa. Binti akatokea kwenye skrini. Joho lake lilikuwa la kijani kweli, lakini halikuwa na kiraka hata kimoja.

"Ala!" Sindano akasimama. "Viraka viko wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mama, kaa chini, tunataka kuona!" mtu wa nyuma akapiga kelele.

Cheche akamvuta mkewe akaketi. Lakini mdomo wa Sindano haukutulia. "Siyo hivyo kwenye kitabu. Huyu hakuwa na ndevu. Daraja lile lilivunjika baadaye." Akaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho.

Walipotoka nje, Cheche alikuwa na furaha usoni.

"Mke wangu, nimeipenda! Ile sehemu ya pale langoni..."

"Umependa nini? Wameiharibu yote! Na wewe utajua nini? Hujasoma hata ukurasa mmoja."

Cheche akageuka, akatangulia njia ya nyumbani. Mlangoni akasema, "Sinema na wewe, basi. Na vitabu vyako, soma mwenyewe."

Sindano hakupata usingizi vizuri. Miaka yote alitaka mumewe aipende hadithi ile. Sasa ameipenda, na yeye mwenyewe ndiye aliyemkatisha tamaa.

Jirani yao ni mkutubi, anafanya kazi maktaba. Jumatatu alikuja kuchukua gauni lake. Akamkuta Sindano amenuna, anaikanyaga cherehani kama anaigombeza.

"Jirani, kulikoni?"

Sindano akamweleza yote, kuanzia viraka mpaka ugomvi. Mkutubi akacheka.

"Hata mimi nilipoona hakuna viraka, nilitaka kudai kiingilio changu."

"Umeona, eh?"

"Lakini sikusimama! Sikiliza. Kitabu unakaa nacho wiki nzima. Filamu ina saa mbili tu. Mwandishi anatumia maneno. Wao wanatumia picha na sauti. Lazima wakate vitu, wabadilishe vingine. Hizo ni kazi mbili, kila moja ina njia yake."

"Kwa hiyo nisiseme kitu?"

"Sema! Kutoipenda ni haki yako. Ila itazame kwanza mpaka mwisho. Halafu sema hukupenda nini, na kwa nini. Na mwenzako akisema ameipenda, usimwambie hajui. Muulize ameona nini. Wewe ulikuwa unatafuta kitabu kwenye skrini. Mwenzako alikuwa anatazama filamu."

"Aa, sasa umeanza kunisema."

"Ndiyo, nakusema. Na gauni langu bado hujamaliza."

Jioni Sindano alisubiri mumewe anawe na kula.

"Baba, samahani kwa maneno ya juzi. Nilikosa. Hebu niambie, uliona nini pale langoni?"

Cheche akamtazama kwa wasiwasi. "Hutanikatiza?"

"Sikukatizi."

"Haya. Mwanzoni joho lilikuwa safi. Lakini kila aliyemsaidia yule binti alimshika mahali. Mwoka mikate akaacha unga. Mfinyanzi akaacha udongo. Mhunzi akaacha masizi. Alipofika langoni, joho zima limejaa alama za mikono. Nikasema moyoni, huyu mtoto hayuko peke yake."

Sindano akaduwaa. Yeye hakuona hata alama moja. Wakati ule alikuwa ananung'unika kuhusu ndevu.

"Kumbe viraka vilikuwepo!" akasema.

"Viraka gani?"

Akamweleza. Kisha akamletea kitabu cha kwanza. Cheche akasoma kwa sauti, taratibu, kidole kwenye mstari. Sindano alitamani sana kumwambia kinachofuata, lakini akajizuia. Ukurasa ukaisha, Cheche akafungua mwingine.

Jumamosi wakarudi sinema. Safari hii Sindano alitazama kimya. Akauona unga. Akauona udongo. Mhunzi alipomshika binti begani, Sindano akalia, wala hakujificha.

"Bado napenda viraka zaidi," akasema walipotoka.

"Sawa. Mimi napenda masizi," Cheche akajibu. "Ila usiniambie mwisho wa kitabu!"

Jumatatu Cheche akarudi kutoka kazini, mweusi kama kawaida. Joho lilikuwa limetundikwa karibu na cherehani. Akalipita kwa mbali, mikono nyuma.

"Njoo hapa," Sindano akasema. Akalivaa joho.

"Sijanawa."

"Najua. Weka mkono hapa begani."

Cheche akasita. Kisha akaweka mkono. Alipouondoa, vidole vyote vitano vilibaki kwenye kijani.

Joho hilo halijafuliwa mpaka leo. Wateja wakimwambia Sindano kwamba lina doa, yeye hucheka.

"Hilo si doa," anawajibu. "Hicho ni kiraka cha mume wangu."